Bunduki ya kupasua sahani kwa bei ya nyumba: pesa inakwenda wapi?

Swali: “Shikamoo mzee. Niko Urambo, nalima tumbaku. Nina shotigani ya Kituruki yenye leseni, mitutu miwili ya kupandana, natishia nayo ngedere na nguruwe pori. Shemeji yangu aliye Dubai amenitumia picha za bunduki za mashindano ya kupiga sahani, Perazzi na Krieghoff. Bei zinaanzia dola 10,000 na zinapanda tu. Nikilinganisha na yangu naona vitu ni vile vile: mitutu miwili, triga moja, kitako cha mbao, risasi namba 12. Kuna nini humo ndani? Na mbona aliyenunua moja haachi kuisifia, halafu baada ya muda ananunua nyingine? Shemeji anataka tuchange tuagize, anasema ile ni mali isiyoshuka bei.”

Marahaba mwanangu. Bei alizokutumia shemeji hazijatiwa chumvi. Perazzi ya Kiitaliano ya mashindano isiyo na urembo wowote inavuka dola 10,000, Krieghoff K-80 ya Kijerumani vivyo hivyo, na ukianza kudai mbao teule na nakshi za mkono unafika bei ya nyumba, tena ya tofali za kuchoma na bati la msauzi. Nimetunza silaha za wageni kwenye kambi za uwindaji kule Ugalla, kabla pori halijapandishwa kuwa hifadhi ya taifa, na waliokuja kupiga kanga na kwale walileta za kila daraja. Nilizifungua, nikazisafisha, nikazifunga. Tofauti ipo. Ila haipo pale unapoitafuta wewe.

Wewe unaitafuta kwenye nguvu. Unadhani bunduki ya shilingi milioni 25 inapeleka marisawa, zile gololi ndogo za ndani ya risasi, mbali zaidi kuliko yako. Haipeleki. Kasi ya marisawa inatoka kwenye baruti iliyomo ndani ya risasi, na risasi umekwisha sema mwenyewe ni namba 12 zile zile. Anachonunua mtu wa mashindano ni bunduki ambayo leo, kesho na baada ya milio laki tatu itafunga vile vile, itapiga pale pale, na itamkaa begani bila yeye kuifikiria.

Nikueleze kwanza mchezo wenyewe, maana bila huo bei haieleweki. Katika trapu ya Olimpiki mpigaji anasimama mita 15 nyuma ya handaki lenye mashine 15 za kurusha. Anaita, sahani inaruka kwa kasi inayopita kilomita 100 kwa saa, na hajui itakwenda kushoto, kulia au mbele. Sahani yenyewe ina upana wa sentimita 11, imetengenezwa kwa lami na unga wa chokaa ingawa wenyewe wanaiita ya udongo. Sheria inampa marisawa yasiyozidi gramu 24 kwa risasi. Mzunguko wa mchujo una sahani 125, na kwenye mashindano makubwa ukikosa tano au sita unaweza kuwa umeshaiaga fainali. Mtu wa kiwango hicho hafanyi mazoezi Jumamosi tu. Anafyatua maelfu ya risasi kila mwezi.

Sasa piga hesabu. Tuseme anafyatua 25,000 kwa mwaka, na tuseme huko aliko risasi moja ni senti 40 za dola. Hiyo ni dola 10,000 za risasi peke yake kwa mwaka mmoja, hujaweka nauli, hoteli wala ada za uwanja. Bunduki ya dola 12,000 ikimfikisha milio 300,000, kila mlio umemgharimu senti 4 kwa upande wa bunduki. Kwa mtu huyo, bunduki ndiyo kitu rahisi kuliko vyote alivyonunua. Wewe je? Tuseme unapiga 50 kwa mwaka, miaka 20, jumla 1,000. Bunduki ile ile itakuwa imekula dola 12 kila ulipovuta triga, na ngedere hata hukumpata.

Usione laki tatu ni maneno. Kim Rhode wa Marekani, aliyechukua medali kwenye Olimpiki sita mfululizo kuanzia 1996 hadi 2016, alitumia Perazzi moja kwa miaka mingi, tangu akiwa binti mdogo, mpaka ilipoibiwa garini mwaka 2008. Shotigani ya bei ya chini haikuundwa kwa maisha ya namna hiyo. Chuma kikiwa laini, pini ya bawaba inalika, mitutu inaanza kucheza hata ikiwa imefungwa, kitema maganda kinachoka, triga inaanza kuvutika kama imejaa mchanga. Shambani utavumilia hayo miaka mingi. Kwenye sahani 125 huwezi.

Tuingie ndani ya bunduki. Bodi, lile pande la chuma linalobeba triga na kushika mitutu, siku hizi linachongwa na mashine za kompyuta kutoka kwenye gogo zima la chuma. Hapo Waturuki wamewafikia Waitaliano, maana mashine ni ile ile, mwenye mtaji ananunua. Kazi ya bei inaanza mashine ikishazimwa. Fundi anachukua taa ya moshi, kibatari hasa kama kile cha bibi yako, anaupitisha moshi kwenye uso wa chuma mpaka unakuwa mweusi tii. Anafunga bunduki, anaifungua. Pale vyuma viwili vilipogusana, masizi yamehama. Anapapitisha tupa laini mara moja, mbili, anafuta, anapaka moshi tena, anafunga tena. Anatafuta uso mzima ugusane na uso mzima, siyo ncha moja ikibeba mzigo wote. Saa zinakwenda hapo, na mshahara wa fundi wa Brescia, kwao Perazzi, au Ulm, kwao Krieghoff, aliyejifunza kazi hiyo miaka na miaka siyo wa kibarua.

Matokeo ya masizi yale utayasikia kwa sikio. Bunduki ya hivyo ikifungwa hailii kwa kishindo cha bati, inatoa mlio mmoja mzito, mfupi, imekwisha. Nakubali, mlio ule ni utamu. Nusu ya wanunuzi nadhani wamenunuliwa na mlio ule.

Mitutu ndiyo inayonifurahisha mimi zaidi. Ukiitazama mitutu miwili iliyopandana unaweza kuapa iko sambamba. Haiko. Mtutu wa chini umekaa karibu na usawa wa bega, kwa hiyo teke lake linasukuma moja kwa moja nyuma, wakati wa juu unainua mdomo wa bunduki. Ukiacha mitutu iende sambamba kama reli za treni, kila mmoja utapiga mahali pake. Kwa hiyo fundi anailehemu kwa kuielekeza kidogo mno, ili kwenye umbali wa mita 35 hivi yote miwili itue sehemu moja. Kisha anatoka kwenda kuipiga kwenye karatasi, anarudi, anapasha moto, anasogeza kiasi ambacho jicho halikioni, anatoka tena. Krieghoff wamelitatua hilo kwa njia nyingine: kule kwenye mdomo wa K-80 kuna kipande kidogo kinachobadilishwa, nacho kinahamisha pigo la mtutu wa chini. Bunduki ya bei ya chini mara nyingi hakuna aliyehangaika nayo hivyo. Mwenye nayo anakosa kanga kwa mtutu wa pili maisha yake yote, anajilaumu mkono.

Triga nitaipitia haraka. Inatakiwa iachie ghafla, bila kukwaruza, kwa uzito ule ule kila mara. Perazzi walipata jina kubwa kwa MX8, bunduki iliyoundwa kwa ajili ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, Daniele Perazzi akishirikiana na Ennio Mattarelli, aliyekuwa ameshachukua dhahabu ya trapu Tokyo 1964. Katika MX8 triga yote, na springi zake na nyundo zake, inachomoka mkononi. Springi ikikatika katikati ya mashindano unachomeka triga ya akiba na kuendelea. Kwako wewe hilo ni sifa ya kuonyesha wageni. Kwa aliyesafiri nusu ya dunia kwa sahani 125, ni bima.

Halafu kitako, na hapa naomba unisikilize vizuri. Shotigani haina kilengeo cha nyuma. Kilengeo cha nyuma ni jicho lako, na kinachoamua jicho likae wapi ni shavu lako juu ya mbao. Kitako kikiwa kirefu, kinanasa kwapani unapoinua. Kikiwa kifupi, kidole gumba kinakupiga pua. Mgongo wake ukiwa juu sana unapiga juu ya ndege, ukiwa chini unapiga chini, na kwa mtu wa mkono wa kulia kinatakiwa kiinamie kulia kidogo ili jicho lije katikati ya mtutu. Mteja wa Perazzi anaweza kwenda kiwandani Botticino, karibu na Brescia, akapimwa na kuchongewa kitako chake. Katika bei yote ile, sehemu inayoongeza sahani zilizopasuka kuliko zote ni hiyo. Na ndiyo sehemu pekee ambayo bunduki yako inaweza kuipata hapa hapa Tabora kwa pesa ya kawaida, nitarudi huko.

Mbao yenyewe ni hadithi nyingine. Wanatumia mti wa walnati, mara nyingi wa Uturuki na nchi za Kaukasi, unaokatwa karibu na shina na mizizi ambako nyuzi zinajiviringa, kisha unakaushwa miaka kabla ya kuguswa. Wewe mkulima wa tumbaku utalielewa hili upesi: ni kama siku ya soko, majani uzito ule ule, shamba lile lile, lakini rangi ndiyo inayopanga daraja na daraja ndilo linalopanga dola. Kipande chenye mistari myeusi inayocheza kwenye rangi ya asali kinaweza kuongeza maelfu ya dola juu ya bei ya bunduki. Kinapiga sawa na kile cha kahawia tupu. Wakati mwingine cha kahawia tupu ndicho imara zaidi, kwa sababu nyuzi zake zimenyooka pale kwenye shingo ya kitako.

Na nakshi hazihitaji maneno mengi. Fundi wa nakshi anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, anatoboa nukta kwa nukta mpaka kanga wanaruka kwenye chuma utadhani picha. Kazi ya mikono hiyo naiheshimu kuliko vingi nilivyoona duniani. Sahani haipasuki zaidi hata moja.

Kwa hiyo mstari wa bei uko hivi. Kutoka shotigani ya dola mia kadhaa kwenda ya dola 2,500, kama zile Beretta za kawaida, unapata mengi: chuma, bawaba, mitutu iliyokaguliwa. Kutoka hapo kwenda 10,000 unapata uimara wa laki nyingi za milio, triga bora na kitako cha kupimwa, mambo anayoyahitaji mtu wa mashindano tu. Kupita hapo unanunua mbao, nakshi na jina. Jina nalo si la jana. Beretta wana hati ya mwaka 1526 ya kuuzia serikali ya Venice mitutu 185, na bonde lao la Val Trompia limejaa watu ambao babu na babu wa babu walikuwa kwenye kazi hii hii. Huwezi kuambiwa ulipe nusu bei kwa historia hiyo.

Sasa ulichouliza cha pili, kwa nini watu wanashikwa. Mchezo wa sahani una sumu yake. Ukikosa, hakuna anayekuonyesha ulikosea wapi. Marisawa hayaonekani, sahani inakwenda zake kuanguka majanini, na wewe umebaki na moshi. Ulisimamisha mkono? Uliinua shavu? Ulichelewa? Hujui. Katika yote hayo kuna kitu kimoja tu kinachouzwa dukani, nacho ni bunduki. Basi mtu ananunua. Siku za kwanza kweli anapiga vizuri zaidi, kwa sababu amekuwa makini, anaiinua taratibu kama mtoto mchanga, anaweka shavu sawasawa. Umakini ukiisha, alama zinarudi palepale, naye anaanza kutazama picha za nyingine. Nimemwona mgeni aliyekuja kambini na bunduki mbili za bei ya kutisha, akakosa kwale asubuhi nzima na zote mbili, jioni yuko kwenye simu anauliza bei ya tatu. Mwenzake alikuwa na Browning kuukuu iliyochubuka rangi yote, kitako kimefungwa ngozi, alikuwa anaokota tu.

Kuna na lile la mabingwa. Ukitazama jukwaa la Olimpiki utaona Perazzi na Beretta DT11 mikononi mwa karibu kila mtu, unasema hizo ndizo zinazoshinda. Lakini karibu wote walioshindwa pia walikuwa nazo.

Hoja ya shemeji kwamba bei haishuki ina ukweli wake huko zinakotumika sana. Italia, Uingereza au Marekani, MX8 iliyotunzwa inauzwa upesi, kwa kuwa wapigaji ni wengi na vipuri vinapatikana. Mali haishuki bei pale penye mnunuzi. Hapa utamuuzia nani? Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huuzi silaha kama unavyouza pikipiki. Mnunuzi lazima naye apitie polisi na awe na kibali chake. Kuiingiza nchini nako kunataka kibali kabla haijaondoka huko, na bei uliyoona kwenye picha haijawekewa ushuru wala VAT ya asilimia 18. Na mwambie shemeji mapema, kwa upole: silaha haipandi ndege ndani ya begi lake. Hilo likianza kwa mzaha linaishia mahakamani.

Hata ukipewa bure, kwa kazi yako haifai. Bunduki ya trapu ina uzito wa karibu kilo 4, mitutu ya sentimita 76 hadi 81, jaribu kupita nayo kwenye miombo siku nzima. Nyingi zimewekwa zipige juu kidogo ya unapolenga, kwa kuwa sahani ya trapu inapaa muda wote, na nguruwe pori hapai. Choki zake, ule ubano wa mdomoni mwa mtutu, zimebana kwa marisawa madogo ya milimita 2 na ushee. Na jambo la hatari kuliko yote: nyingi hazina kitufe cha usalama kabisa, au kimefungwa kisitumike, kwa sababu uwanjani mtu anapakia akiwa amesimama kwenye kituo chake, bunduki ikielekea mbele. Shambani, usiku, na vijana wanapita huku na huku, sitaki hata kuifikiria.

Ila usiache hapo, maana swali lako limenionyesha kuwa hujawahi kuijua vizuri unayoimiliki. Fanya hivi. Hakikisha haina risasi, chungulia mitutu yote miwili. Vua ule ubao wa mbele, funga bunduki, ishike kwenye shingo ya kitako na uitikise karibu na sikio. Ikilia kwa kucheza, bawaba imelika. Tazama na kile kifungulio cha juu unachosukuma kwa kidole gumba: bunduki ikiwa mpya kinakaa kulia kidogo ya katikati, na kadiri komeo linavyochakaa kinahamia katikati. Cha kwako kikiwa kimeshavuka kwenda kushoto, ipeleke kwa fundi aliyeruhusiwa kabla hujafyatua tena. Usimpe fundi wa magobore wa mtaani. Gobore alilotengeneza linapiga, sikatai, lakini nimeona pia vidole vilivyobaki kwa waliolipiga.

Kama iko imara, mwombe huyo fundi mwende naye mahali pa kupigia shabaha panaporuhusiwa, mtundike karatasi pana mita 35, alama katikati, mpige mtutu wa chini mara tatu kwenye karatasi moja na wa juu mara tatu kwenye nyingine. Ukiona wa juu unamwaga marisawa yake kando kabisa, utajua kwa nini risasi ya pili haijawahi kukusaidia, na utatumia wa chini kwanza. Halafu muulize kuhusu urefu wa kitako. Kikizidi, kinakatwa. Kikipungua, kinaongezwa kipande cha mninga nyuma, kazi ambayo seremala mzuri wa Tabora anaimaliza mchana mmoja fundi akiwa amesimama pembeni na bunduki yake, maana kitako kinaondolewa na kwenda chenyewe, silaha haiachwi karakana ya samani. Gharama ya yote hayo haifiki hata bei ya usafirishaji wa ile ya Dubai. Pesa itakayobaki nunua mbolea, msimu umekaribia.